Uzoefu wangu na vipimo vya CRP na ESR kwa mwenye soriasisi na viungo vinavyouma

Kifurushi ninachokizungumzia ni kile ambacho maabara nyingi binafsi hukiita "kipimo cha baridi yabisi": CRP na ESR (zote mbili huonyesha uvimbe mwilini), RF (kingamwili inayotafutwa kwenye baridi yabisi ya kawaida), asidi ya yuriki (inayohusishwa na jongo) na picha kamili ya damu, ile wanayoiandika FBP. Nina soriasisi (ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba) ya siku nyingi, na viungo navyo vimeguswa, kwa hiyo nakipima kila baada ya miezi mitatu. CRP na ESR zina thamani ya pesa yake. RF inatosha kupimwa mara moja. Asidi ya yuriki ndiyo iliyowapoteza wenzangu wengi, nitaieleza huko mbele.

Nianze na CRP, kwa sababu ndiyo ninayoitegemea zaidi. Ni protini inayotengenezwa na ini pale linapopokea taarifa ya uvimbe mwilini, hasa kupitia interlukini-6, kemikali ya mwili inayobeba taarifa hiyo. Hupanda ndani ya saa 6 hadi 8, hufika kileleni kama siku ya pili, na uvimbe ukitulia nusu yake huondoka kwenye damu kila baada ya saa 19 hivi. Wepesi huo ndio uzuri wake: dawa ikifanya kazi, CRP huonyesha mapema, wakati ESR bado inajikongoja.

Kabla ya kulipia, uliza wanapima kwa njia gani. Maabara nyingi ndogo hutumia kioo: tone la majimaji ya damu linachanganywa na tone la kitendanishi cheupe kama maziwa, kioo kinazungushwazungushwa kwa mkono dakika 2, kisha mtaalamu anatazama kama punje zimegandana. Jibu ni "chanya" au "hasi", au namba zinazoruka kwa kuzidishwa mara mbili: 6, 12, 24. Kwa homa kali inatosha. Kwa mtu anayefuatilia viungo haitoshi, maana ukishuka kutoka 20 hadi 13 kioo hakitakuonyesha tofauti ya kuaminika. Tena kioo kikicheleweshwa kusomwa zaidi ya dakika 2 huanza kukauka pembeni na kuonekana chanya hata kama si chanya. Taka kipimo cha mashine, chenye namba kamili.

Ukipata namba, tazama kipimio kilichoandikwa pembeni yake. Maabara moja huandika mg/L, nyingine mg/dL, na 1 mg/dL ni sawa na 10 mg/L. Hapa ndipo watu wanapoumizwa. Madaktari wa viungo hutumia hesabu iitwayo DAPSA: idadi ya viungo vinavyouma vikibonyezwa (vinakaguliwa 68), idadi ya vilivyovimba (vinakaguliwa 66), maumivu kwa 0 hadi 10, hali yako unavyoiona mwenyewe kwa 0 hadi 10, na CRP kwa mg/dL. Vyote vinajumlishwa. Isiyozidi 4 ni utulivu, hadi 14 ni ugonjwa mdogo, hadi 28 ni wa wastani, zaidi ya hapo ni mkali. Chukua mtu mwenye viungo 3 vinavyouma, 2 vilivyovimba, maumivu 5, hali 4, na CRP ya 24 mg/L. Sahihi ni 3+2+5+4+2.4, yaani 16.4, ugonjwa wa wastani. Aliyeandika 24 bila kugawanya kwa 10 anapata 38, na ugonjwa unahesabiwa kuwa mkali, mgonjwa akapandishiwa dawa ambayo pengine hakuihitaji. Maabara niliyoanza nayo ilibadilisha kipimio kati ya ziara mbili bila kumwambia mtu yeyote. Tangu hapo napima sehemu moja tu, na kila karatasi naihifadhi.

ESR ni kipimo cha zamani na rahisi zaidi. Kwa njia ya Westergren, damu sehemu 4 huchanganywa na sitreti (ya kuzuia damu isigande) sehemu 1, ikapandishwa kwenye mrija wa milimita 200 uliosimamishwa wima, na baada ya saa 1 husomwa chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi, juu yake ukibaki ute wa manjano. Kwa macho unaona kazi nyepesi, lakini kuharibika ni rahisi mno. Mrija ukiinama nyuzi 3 tu, kasi inaweza kuongezeka kwa asilimia 30. Joto linatakiwa liwe kati ya nyuzi 18 na 25, kwa hiyo kibao cha mirija kilichowekwa dirishani kwenye jua la saa nane mchana kitatoa jibu la juu lisilo la kweli. Kikiwa meza moja na mashine ya kuzungushia damu, mtikisiko nao unaharibu. Damu iliyokaa zaidi ya saa 4 bila ubaridi hutoa jibu la chini. Mimi naenda asubuhi, kwenye maabara inayopima hapohapo badala ya kusafirisha.

FBP isomwe sambamba na ESR. Upungufu wa damu huipandisha ESR, ujauzito pia, na seli mundu huishusha. Umri nao una sehemu yake: kupata kikomo cha juu cha kawaida, kwa mwanamume gawanya umri kwa 2, kwa mwanamke ongeza 10 kwanza ndipo ugawanye. Mama wa miaka 60 mwenye ESR ya 33 hana sababu ya kuingiwa na hofu kwa namba hiyo peke yake.

Jambo ninalotaka kila mwenye soriasisi alishike ni hili: CRP na ESR zikiwa za kawaida, hazijakusafisha. Karibu nusu ya wenye baridi yabisi ya soriasisi wana majibu ya kawaida huku viungo vikiendelea kuliwa. Vigezo vya CASPAR vya mwaka 2006, vinavyotumika kuutambua ugonjwa huu, havina nafasi hata moja ya CRP. Kwa mtu mwenye uvimbe kwenye kiungo, uti wa mgongo au mahali kano inaposhika mfupa, zinahesabiwa alama: soriasisi iliyopo sasa 2, kucha zenye vishimo au zilizobanduka 1, kidole kilichovimba chote, kilichopo au kilichowahi kuwepo, 1, RF hasi 1, mfupa mpya kando ya kiungo kwenye eksirei 1. Zikifika 3, inatosha. Kwa hiyo ukiambiwa "damu yako safi, huna tatizo" na kidole kimevimba toka shina hadi ncha, vua kiatu uonyeshe.

Kinyume chake nacho kipo. Malaria, UTI, jino lililooza na hata kitambi hupandisha CRP. Ukiwa umetoka kuumwa homa, subiri wiki mbili ndipo upime.

Sasa asidi ya yuriki. Kwenye soriasisi ngozi huzaliana na kufa haraka, na mabaki yake hupandisha yuriki, kwa hiyo namba ya juu haina maana kwamba una jongo. Wapo wanaokatazwa nyama na maharage na kuanzishiwa alopurino (dawa ya kushusha yuriki) kwa karatasi hiyo moja, wakati kidole kinaliwa na ugonjwa mwingine. Shambulio la jongo hulipuka ndani ya siku moja na mara nyingi hutulia ndani ya wiki moja au mbili. Kidole cha soriasisi hukaa wiki nyingi, hata miezi. Uhakika unatoka kwenye majimaji ya kiungo yanayotazamwa kwa hadubini.

Nyongeza wanazouza nisingelipia. HLA-B27, alama ya kurithi inayohusishwa na magonjwa ya viungo, ni adimu sana kwa Waafrika weusi, hivyo ikiwa hasi haikuambii kitu. Kupima interlukini-17 au TNF, kemikali za uvimbe, kwenye damu hakumsaidii daktari kuchagua dawa, kwa sababu kazi ya kemikali hizo iko kwenye ngozi na kiungo penyewe. Pesa hiyo weka kwenye vimeng'enya vya ini na kreatinini kama unatumia methotreksati (dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ambayo ni ya mara moja kwa WIKI, kamwe si kila siku), na kwenye kipimo cha VVU kama soriasisi imelipuka ghafla mwili mzima.

Kwa CRP na ESR huhitaji kufunga kula. Mwonyeshe mtoa damu mabaka kabla hajafunga mpira, achome mahali penye ngozi nzima. Ukimaliza, bana pamba mwenyewe kwa dakika 3 na ukatae plasta yenye gundi kali: ngozi yetu ikikwanguliwa, baka jipya laweza kuota palepale baada ya siku 10 hadi 20.