Spektra za SINFONI kwenye hazina ya data ya ESO: maoni yangu

Kwa wale wenzangu wa nyota vigogo, zile zinazowaka kuliko Jua mara laki kadhaa hadi mamilioni, hii hazina ya ESO (shirika la Ulaya la darubini za kusini) naipa 4 kati ya 5. SINFONI, kifaa cha kupiga spektra, yaani mwanga uliotandazwa kwa urefu wa mawimbi, ilikuwa kwenye darubini kubwa ya VLT kule Paranal, Chile, ikastaafu 2019, na data zake ni za bure, watafiti walioomba muda wa darubini kawaida wanazikalia mwaka mmoja hivi halafu zinafunguliwa kwa kila mtu.

Mi nilizitaka kwa ajili ya kundi la nyota la Quintuplet, huko karibu na kitovu cha galaksi yetu ilipo Pistol Star, mojawapo ya hao vigogo. Kwa mwanga wa kawaida usijisumbue, vumbi la njiani linakula karibu magnitudi 30 (kipimo cha mng'ao wa nyota), yaani kati ya fotoni trilioni moja inafika moja tu hivi, lakini hamia bendi ya K ya infraredi, maikromita 2.0 hadi 2.4, hasara inashuka hadi magnitudi 3 hivi na nyota hiyo hapo. Brackett-gamma, mstari wa hidrojeni kwenye 2.166, unaikuta imechomoza juu kwa sababu ya upepo mzito unaotoka kwenye nyota, na ukiona magnesi kwenye 2.137 na 2.143 nayo imechomoza, pamoja na sodiamu kwenye 2.206, shuku LBV moja kwa moja, yaani nyota kigogo ya buluu inayobadilikabadilika mng'ao.

Kinachochosha ni hewa yetu jamani. Kaboni dioksidi inachafua kabisa sehemu ya heliamu ya 2.058, na ile dawa ya kuondoa alama za hewa kwa kugawanya kwa spektra ya nyota ya aina A (nyeupe, ya moto) ina mtego wake, maana nyota ya A nayo ina shimo la Brackett-gamma, usipoliziba kwanza, ukigawanya linageuka kilima palepale kwenye 2.166 na wewe unashangilia upepo ambao haupo! Bora molecfit, programu ya haohao ESO, inapiga hesabu ya hewa yenyewe.

Halafu data ghafi ni ghafi kweli, faili za kalibresheni unaletewa ukiziomba ila kupika, yaani kuzichakata, ni kazi yako, na kila picha kwa mpangilio mpana kabisa ni sekunde za tao 8 kwa 8 tu (sekunde ya tao ni 1/3600 ya digrii), kwahiyo kundi zima ni kuunga vipande. Anayetaka grafu ya kubandika kwenye slaidi leoleo atafute kwingine. Wa data mpya tafuteni ERIS, kifaa kipya cha VLT, spektrografu yake ndo ileile ya SINFONI iliyokarabatiwa, mi bado sijaigusa.