Kabla hujanunua sabufa mpya: pesa yako ianzie wapi

Hapa Kigoma, sauti ya sebuleni ikimkera mtu, wazo la kwanza ni kupanda Mwanga kutafuta sabufa kubwa zaidi. Naomba usubiri kidogo. Nimepanga njia sita kwa mfuatano ambao ningeufuata mimi kama pesa ingetoka mfukoni mwangu, na sabufa mpya imekaa karibu na mwisho.

1. Kuhamisha spika: bure

Shemeji yangu anayeishi Gungu aliniita nikamsaidie kuchagua sabufa nyingine. Ya kwake ilikuwa inavuma tu kama lori lililoegeshwa injini ikiwa inanguruma, na maneno ya mwimbaji hayasikiki. Nikaangalia: boksi la besi limesukumwa hadi kwenye kona nyuma ya kochi, na spika mbili ndogo zimebebanishwa juu ya kabati la vyombo, zikiimbia dari. Siku hiyo hatukununua kitu.

Besi husambaa pande zote, haiendi mbele peke yake. Boksi likiwa karibu na ukuta, sauti iliyokwenda nyuma inarudi na kujiunga na ya mbele. Likiwa konani, kuta mbili na sakafu zote zinairudisha, na besi inazidi mno. Nyumba zetu nyingi ni za tofali za kuchoma, plasta na sakafu ya saruji, hivyo ziada hiyo haina pa kutokea. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Katika sebule yenye urefu wa mita 3.4, mlio wa karibu hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) unakwenda na kurudi kati ya kuta ukijikuta wenyewe, basi mlio huo mmoja unavimba huku milio ya jirani yake ikipotea. Ndiyo ile "buuum" isiyobadilika hata mpiga besi akihama nyuzi.

Kupata mahali pazuri, weka boksi la besi pale unapokaa wewe, juu ya kochi. Piga wimbo wenye gitaa la besi linalotembea. Rumba ya Kongo inafaa sana. Kisha tambaa kandokando ya kuta, sikio likiwa chini, ukitafuta sehemu ambayo kila mlio unasikika kwa uzito mmoja. Hapo ndipo boksi likae. Kwa shemeji, watoto walitambaa pamoja nami, na binti yake mdogo ndiye aliyepapata: pembeni ya mlango wa chumbani, hatua moja na nusu kutoka kona.

Spika ndogo ziachanishe kiasi cha umbali uliopo kati yake na wewe, ziwe pembetatu, twita (vile vispika vidogo vya sauti nyembamba) zikiwa usawa wa masikio. Usizifungie ndani ya kabati. Kama huna stendi, panga tofali na uzifunike kitambaa, halafu chini ya kila spika weka vipande vinne vya kandambili chakavu ili mtikisiko usipite.

2. Nyaya: pesa kidogo

Angalia nyekundu na nyeusi. Spika moja ikigeuziwa nyaya, hiyo inavuta ndani wakati nyingine inasukuma nje, na besi zinauana. Kama rangi zimefutika, chomoa waya kwenye mashine ugusishe betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja. Wufa, yaani ile spika kubwa ya besi, ikisogea nje, waya uliogusa chanya ndio nyekundu. Ukinunua waya, chukua wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 1.5, kwa sebule za kawaida unatosha. Kwangua kwa wembe dukani. Ndani ukiona weupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba.

3. Zulia na mapazia

Piga makofi katikati ya chumba. Ukisikia mlio mkali unaodunda, zulia na mapazia mazito vitakusaidia kuliko spika yoyote. Nyumba isiyo na dari inaongeza tatizo lake: bati linatetemeka pamoja na besi, kwa hiyo mwite fundi akaze misumari.

4. Fundi redio

Kama una spika za zamani za boksi la mbao na zinakwaruza, angalia pete ya sponji inayoizunguka wufa. Sponji huoza kwa umri, lakini koili, yaani waya uliozungushwa ndani unaoisukuma spika, inaweza kuwa nzima kabisa. Kubadilisha sponji kunarudisha spika ambayo watu wengi wangeitupa, na mimi hapa naweka moyo wangu wote: mbao nzito ya zamani ni bora kuliko plastiki mpya.

5. Spika za mbao za mtumba

Sukuma wufa taratibu kwa vidole viwili au vitatu, sawa kila upande. Ukisikia mkwaruzo, iache. Soma nyuma: mashine yako ikisema omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), usiipe spika ya omu 4, itachemka. Tazama pia desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti ambayo spika inatoa kwa wati moja. Spika ya desibeli 90 inapiga kwa wati moja sawa na ya desibeli 87 inayopewa wati mbili.

6. Sabufa mpya, na amplifaya ya mwisho kabisa

Maelfu ya wati yaliyoandikwa kwenye katoni, ukiona herufi PMPO (wati za kilele cha kufumba na kufumbua, si za kupiga mfululizo), yapuuze. Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Kama inakula wati 60 kutoka kwenye soketi, haiwezi kutoa wati 600 za muziki mfululizo. Amplifaya kubwa nimeiweka mwisho kwa sababu kutoka wati 50 hadi 100 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo masikioni.

Ukiamua kununua, nenda na wimbo unaoujua vizuri kwenye simu yako. Mwombe muuzaji aitoe sabufa kwenye lundo, aiweke sakafuni mbali na ukuta, na arudishe besi katikati kabla hujaanza kusikiliza.