TAHADHARI: Huyu muuzaji wa kamba na hanesi za kupandia miamba, msimtumie hela

Ndugu zangu waongozaji, wapagazi, na ninyi vijana mnaoanza kupanda miamba ya Lukenya na Hell's Gate, tafadhali someni hii kabla ya kutuma pesa kwa mtu yeyote. Kuna mwanamume anazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp na Facebook akiuza vifaa vya kupandia miamba. Alichomuuzia kijana ninayemfundisha kingemuua. Sikisii. Vifaa hivyo nimevishika, kamba nimeipima kwa futi, kisha nikaikata ncha nikaona kilichomo ndani.

Jina lake silitaji kwa sababu suala liko polisi. Hata ningelitaja lisingewasaidia sana: kwetu alikuja na jina moja, ujumbe wa M-Pesa ukaonyesha jina la pili, na wiki iliyopita picha zilezile za vifaa zimeonekana kwa jina la tatu. Mjueni kwa namna anavyofanya kazi.

Anasema ni mwongozaji wa Mlima Kenya, na kwamba wageni walioshuka Batian, kilele cha juu cha mlima huo, wamemwachia vifaa. Hapo ndipo anapotupata, maana hilo ni jambo la kweli kwetu. Wageni wakimaliza safari huacha jaketi, glavu, tochi za kichwani, wengine hata kamba. Hanesi yangu ya kwanza, ile mikanda ya kiunoni na mapajani ambayo kamba hufungwa kwayo, niliachiwa na mgeni, na ninamshukuru hadi leo. Basi mtu akisikia "nimeachiwa na Wazungu, nina dharura ya karo, nauza haraka," haoni kitu cha ajabu. Picha anazotuma ni safi mno, na sasa najua si zake, ni za maduka ya ng'ambo. Ukimwambia mkutane Nairobi, yuko mlimani. Ukimwambia Nanyuki, yuko Nairobi. Mzigo anautuma kwa matatu, umefungwa kwa gunia na kushonwa, na haruhusu uachiliwe mpaka hela yote iingie. Ukishalipa, simu inapokelewa siku mbili tatu, halafu kimya.

Kijana wangu alilipa shilingi 38,000 kwa alichoambiwa ni seti kamili: kamba ya mita 60, hanesi, karabina nane (zile pete za chuma zenye mlango), kifaa cha kumshikilia mwenzako na helmeti. Hizo hela alizikusanya kwa misimu miwili ya upagazi. Mnajua mgongo unavyolipa kila shilingi ya namna hiyo. Alipofungua gunia alifurahi, akaniambia Jumamosi tuende Lukenya tukaizindue.

Nilipoishika tu ile kamba, mkono ulikataa. Ilikuwa ngumu, haikunjiki vizuri, fundo likifungwa linabaki limefura. Nikatafuta lebo za ncha. Kamba ya kupandia inayotoka kiwandani huwa na kibandiko kidogo kwenye kila ncha, chenye duara na namba 1 ndani yake ikiwa ni kamba ya kutumika peke yake, au ½ ikiwa ni ya kutumika mbilimbili. Pale hapakuwa na kitu. Ncha zote mbili zilikuwa zimekatwa kwa kisu na kuchomwa kwa kiberiti, masizi bado mabichi. Nikamwambia tuipime. Tulitandaza ile kamba barabarani kwa futi ya fundi. Mita 47.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu wapo watakaodhani mita 13 ni hasara ya pesa tu. Kamba hupanda hadi juu na kurudi chini, kwa hiyo njia ya mita 28 inataka 56. Ukiipanda ukiamini una kamba ya 60, mwenzako atakushusha mpaka kamba iishe mkononi mwake. Ncha itapita kwenye kifaa na wewe utaanguka mita zilizobaki. Watu wamekufa hivyo duniani kote, kwenye miamba mifupi, siku za jua, wakicheka. Na Nelion, kilele cha pili cha Mlima Kenya, ni mbaya zaidi, kwa sababu unateremka kwa kamba uso uleule uliopanda, mara nyingi, umechoka, pengine ukungu umeshafunga. Unaikunja kamba katikati ukidhani kila upande una mita 30, kumbe una 23 na nusu. Usipofunga fundo kwenye ncha unatoka nje ya kamba hewani. Hata ukifunga, utaning'inia juu ya jiwe tupu bila pa kusimama. Kila kamba mpya ipimeni, hata mkinunua kwa mtu mnayemwamini. Ni kazi ya dakika kumi.

Kisha nikakata sentimita chache za ncha na kufungua ganda. Ndani kulikuwa na utepe mwembamba wenye maandishi: EN 1891, na mwaka 2009. Hapo kamba yenyewe ikawa imesema. EN 1891 ni kiwango cha Ulaya cha kamba zisizovutika, zile wanazoning'inia nazo vijana wanaoosha vioo vya maghorofa na mafundi wa minara. Ni kamba nzuri kwa kazi yake. Kwa mtu anayepanda mbele na anayeweza kuanguka, si kamba ya kumfaa kabisa. Kamba ya kupandia iko chini ya kiwango kingine, EN 892, na sifa yake kubwa ni kwamba inavutika. Ukianguka, inarefuka na kukupokea polepole. Kwenye kipimo cha kiwango hicho huangushwa uzito wa kilo 80, na mshtuko wa kwanza haupaswi kuzidi kilonyutoni 12, ambazo ni kama kubebeshwa kilo 1,200 kwa mara moja. Hicho ndicho kikomo cha juu kwa kamba nzuri. Isiyovutika haina mahali pa kuupeleka mshtuko huo. Unauingia mgongo wako, karabina yako, na ile anka, yaani kishikizo ulichokiweka kwenye ufa wa jiwe. Kijana wangu alikuwa ameshapanga kwenda nayo Nelion Januari.

Na ilikuwa imezeeka. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka 10 kwa kamba na mikanda hata kama haijaguswa. Hatujui ilikaa wapi miaka yote hiyo. Huenda ilikuwa stoo pamoja na betri za gari, na asidi ya betri huila nailoni bila kuacha alama ya kuonekana. Ndiyo maana nawasihi kila siku msitupe kamba kwenye buti ya matatu kando ya betri na madumu. Kamba isiyo na historia haina bei.

Hanesi ilinitia uchungu zaidi, kwa sababu palikuwa na mkono wa mtu aliyejua anachofanya. Lebo ya ndani ilikuwa imekatwa kwa makasi. Tulipompigia muuzaji akajibu, "Ilikuwa inawasha ngozi, nikaitoa." Lebo hiyo ndiyo inayobeba mwaka wa kutengenezwa, namba ya hanesi na kiwango chake, EN 12277. Anayeikata anaficha umri. Halafu kitanzi cha mbele, kile ambacho uhai wote unaning'inia, kilikuwa kimeshonwa upya kwa cherehani ya kawaida, uzi wa nguo, rangi imefananishwa vizuri. Ukitazama kwa haraka huoni. Nilikunja kitanzi nikaona mishono ya kiwandani imekatika chini yake. Mwaka 2006 Todd Skinner, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa wapandaji wakubwa wa wakati wake, alifariki Leaning Tower kule Yosemite baada ya kitanzi hicho hicho cha hanesi yake iliyochakaa kukatika. Kama kitanzi kilichochakaa kilimkatikia yeye, uzi wa kushonea suruali utatufanyia nini?

Karabina nane: tano zilikuwa halisi ingawa zimelika sana, tatu zilikuwa za kuning'inizia funguo. Zile ndogo za rangirangi hutoka kiwandani zimeandikwa kwa Kiingereza kwamba si za kupandia. Kwenye hizi tatu maandishi yalikuwa yamesuguliwa kwa tupa, na mikwaruzo ilionekana juani. Karabina ya kweli huwa na namba zilizochongwa kwenye chuma: nguvu zake kwa urefu, ambazo kwa kawaida ni kilonyutoni 20 au zaidi, kwa upana, na mlango ukiwa wazi, pamoja na alama ya CE ya Ulaya. Hata hivyo msidhani maandishi peke yake yanatosha. Mwaka 2011 Petzl, kampuni ya Ufaransa ya vifaa vya kupandia, ilitangaza kwamba kuna nakala bandia za bidhaa zake sokoni, zikiwa na umbo, nembo na maandishi yaleyale, na nyingine hazikuweza kuhimili mzigo. Ndiyo sababu nasema unaponunua chuma mpya, nunua kwa duka linaloweza kukuonyesha lilikotoa mzigo, na liwe na risiti.

Helmeti ilikuwa ya mjengo. Hilo nalo wengi wanalipuuza, "helmeti ni helmeti." Mkanda wa kidevuni wa helmeti ya mjengo umetengenezwa uachie kwa nguvu ndogo, ili fundi asinyongwe kofia ikinasa. Wa mlimani umetengenezwa ushikilie, ili kofia ibaki kichwani unapogongagonga mwamba. Ndani ya helmeti tafuteni EN 12492. Mkiona EN 397 peke yake, ni ya mjengo.

Juu ya hayo anauza na "mafunzo." Anaahidi siku mbili za mazoezi na ya tatu mnaelekea Nelion, hata kama hujawahi kufunga fundo. Nelion ina mita 5,188, Batian 5,199, na huko juu hewa unayovuta ina karibu nusu ya oksijeni unayoipata Mombasa. Mimi humchukua mtu mwenye nguvu zake nikamfundisha miezi kabla ya kumwonyesha uso ule: kwanza kutembea na mzigo milimani mara kadhaa, kilele cha Lenana angalau mara moja aone mwili wake unavyoupokea urefu, kisha wikendi nyingi za Lukenya mpaka aweze kushuka kwa kamba gizani bila kuniuliza. Anayekuahidi siku mbili hajui mlima, au anajua na hajali.

Sisemi msinunue vya mitumba. Sisi sote tumevaa mitumba. Jaketi na suruali za kuteleza theluji zinazoshuka masoko ya Gikomba na Toi zimewaokoa wapagazi wengi na baridi, na zikichanika huanguki. Nunueni, zipigeni maji muone kama zinavuja, basi. Viatu vya mitumba vichunguzeni soli, kwa maana ile sponji ya katikati huoza kwa umri na kumomonyoka siku ya kwanza ya mlimani hata kama ngozi inang'aa. Lakini kitu chochote kinachokushikilia usianguke, yaani kamba, hanesi, mikanda, msinunue kwa mtu msiyemjua, kwa bei yoyote. Kama hela haitoshi, azimeni kwa waongozaji au kwenye vilabu vya wapandaji. Hakuna mtu wetu atakayekunyima kamba kwa siku moja akijua mbadala wake ni huu.

Kuhusu pesa: akikwambia utume kwa namba ya kawaida badala ya till au paybill yenye jina la biashara, na jina linalotokea kabla ya kuthibitisha si lile alilokupa, acha hapohapo. Ukiwa umeshatuma, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 mara moja uombe urudishiwe, kabla hajazitoa. Sisi tulichelewa, zilikuwa zimetolewa ndani ya saa moja. Ripotini pia kituo cha polisi mpewe namba ya OB (ya kitabu cha matukio), na kama ni bidhaa yenye nembo bandia, pelekeni kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Bandia. Msitupe gunia wala kufuta mazungumzo ya simu.

Vifaa vyetu viko kituoni kama ushahidi. Nimebaki na picha za ncha za kamba, utepe wa ndani, kitanzi kilichoshonwa na karabina zilizosuguliwa, na nitamtumia yeyote anayezitaka. Tumejua watu wengine wawili walionunua kwake, mmoja Nanyuki, mwingine ni mpagazi wa upande wa Moshi aliyeuziwa kramponi (meno ya chuma ya kuvaa chini ya viatu kwenye barafu) na kamba kwa maneno yaleyale, ila kwake wageni walikuwa wametoka Kilimanjaro. Ndugu zetu wa Tanzania, tafadhali isambazeni kwenye makundi yenu pia.

Msimu wa Nelion unafunguka Januari, na najua kuna kamba za huyu muuzaji zimeshafungwa kwenye mikoba tayari kwa safari. Kama ulinunua kamba mwaka huu kwa mtu aliyekutumia kwa gunia, itoe leo, tazama ncha zake, ipime. Ukiwa na shaka, nipigie picha uitume, au njoo nayo Lukenya Jumamosi, nitakuwa pale tangu saa mbili asubuhi na kamba yangu ya akiba kwa atakayelazimika kuiacha yake.