TAHADHARI: Dalali anayesema "sisi ni washirika wa kampuni kubwa"

Ndugu zangu mnaotafuta nyumba, someni hii kabla hamjamkabidhi mtu hela.

Dalali aliyenipeleka kuona nyumba alikuwa mpole, kitambulisho kinaning'inia shingoni, kina nembo ya kampuni kubwa ya nyumba. Akaniambia, "Sisi ni washirika wao. Lipia kwangu nikushikie, kuna mtu anakuja jioni." Nikalipa. Risiti aliijaza kwa kalamu, mhuri umefifia hata jina halisomeki. Siku ya kuhamia nikagonga geti na mizigo yangu, akatoka mwenye nyumba: "Hela umempa nani? Dalali wangu ni mmoja, na huyo simjui."

Kufuatilia, nikakuta mwenye nyumba alimpa kazi dalali wake, huyo akamdokeza mwenzake na kumwazima funguo, mwenzake akamwita huyu wangu. Nimelia sana, kwa sababu ile ilikuwa akiba yangu yote.

Madalali kushirikiana si kosa. Mmoja ana nyumba, mwingine ana mteja, wanakutanisha kisha wanagawana kamisheni kwa mgao waliopatana wenyewe. Ila ushirika huo ni wa kugawana kamisheni tu. Aliyekuleta wewe hapati kwa hilo ruhusa ya kupokea hela ya mwenye nyumba.

Na nembo isiwatulize. Kampuni nyingi zenye majina makubwa hukodisha jina lao kwa ofisi zinazomilikiwa na watu wengine, na kila ofisi hujitegemea kwa hesabu zake. Hata nembo ikiwa ya kweli, usidhani hela yako iko kwa kampuni mama. Nembo ya dalali wangu haikuwa hata ya kweli. Nilipowapigia simu wenye kampuni, jina lake halikuwemo kabisa. Simu yenyewe ilichukua dakika mbili, na naumia kwamba sikuipiga mapema.

Muulize dalali: nani kapewa kazi na mwenye nyumba, na karatasi iko wapi? Zungumza na huyo aliyetajwa. Hela isiingie kwenye namba ya dalali binafsi. Ukiambiwa mwenye nyumba hapendi kusumbuliwa, ondoka hapo hapo.

Jana rafiki kanitumia tangazo jipya la dalali huyo huyo. Nyumba ni ile ile, picha ni zile zile, nembo tu ndiyo kabadilisha.