Tuisheni ya bayolojia ya Jumamosi, Majengo: pea moja ya leso nikaelewa sentromia

Kama uko kozi ya maabara na seli kugawanyika inakutoa jasho, hii tuisheni enda. Mimi darasani nilitoka na kitu kimoja tu, eti sentromia ni pale kromosomu, ule uzi wa DNA ndani ya seli, imebanwa, basi. Mtihani ukauliza seli inapajuaje pale mahali, nikaacha wazi.

Sasa huyu ticha kaja na leso moja, kabana pegi nane za nguo pahali pamoja, akatwambia hizi ndizo CENP-A, aina ya histoni (zile protini DNA inajizungushia) inayokaa pale badala ya H3 ya kawaida, na kinetokoa, yaani kishikio cha protini, inajengwa juu yake ndo ishikwe na zile nyuzi za kuvuta. Halafu akatoa pea ya leso haijakatwa bado, kama inavyotoka dukani Biashara Street, akasema hii ni kromosomu ishanakiliwa, zile pegi nane akazigawa nne huku nne huku, manake za zamani zinagawanywa na mpya hazijaja. Wawili wakavuta kila mtu upande wake, yeye akapitisha makasi katikati.

Na pegi zimebaki nne nne! Dada mmoja akauliza, "Ticha, si wangejazia palepale wakati wa kunakili?" Hili swali hata mimi nilikuwa nalo wallahi. Akaeleza kwamba kwa binadamu vimeng'enya vya CDK vinazuia mpaka seli imalize kugawanyika, ndo protini za Mis18 zinaonyesha pahali na protini nyengine, HJURP, inaleta CENP-A mpya. Akambandika yule dada jina la HJURP akajazia nne kila leso. Bila yeye ni nane, nne, mbili, moja, na leso isiyo na pegi hakuna wa kuishika vizuri, inaachwa nyuma, seli moja inapata pungufu nyengine zaidi.

Kilichonishangaza zaidi, alama si herufi za DNA peke yake. Binadamu tuna vipande vya herufi 171 vinarudiwarudiwa pale, lakini kuna watu wamepatikana na sentromia imehamia pengine kabisa pasipo na hivyo vipande, na ikifika pale inarithiwa. Na CENP-A yenyewe ilijulikana 1985 kupitia damu ya wagonjwa wa skleroderma, ule ugonjwa wa ngozi kukakamaa, kingamwili zao zilikuwa zinaishika. Nilirudi na matatu nikiwaza hao wagonjwa tu.

Ubaya upo. Chumba joto, feni moja, stima ilipotea nusu saa, na noti za fotokopi michoro haionekani kabisa, kwa shilingi 300 wangechapisha upya. Mimi nawapa nne kwa tano.

Wanaanza saa tatu asubuhi. Jumamosi ijayo ni shugoshini, ile protini inayolinda kohesini, gundi ya kushikanisha nakala mbili za kromosomu, isiachie mapema, kwa hivyo fika mapema upate kiti cha mbele, nyuma hizo pegi huzioni.