Trekta ya Massey 135 kuukuu, mwaka wa pili nayo hapa Malindi: bondeni msiifunge plau ya diski tatu

Naona watu wengi huku kwetu wanauliza kama inafaa kununua Massey Ferguson 135 ya zamani. Mimi ninayo mwaka wa pili sasa, nalimia shamba langu ng'ambo ya daraja la Sabaki na msimu ukifika nalimia majirani kwa ekari, kwa hivo nasema nilichokiona kwa macho yangu.

Trekta hizi zilianza kutoka 1964, injini ni Perkins ya silinda 3, lita 2.5, nguvu za farasi kama 45. Hio 45 ishikeni vizuri kwa sababu shida yangu yote ilitokea hapo.

Niliinunua pamoja na plau ya diski tatu, aliyeniuzia akaniambia inavuta bila wasiwasi, na kweli kwenye ule mchanga mwekundu wa upande wa Magarini alikonionyesha ilivuta vizuri tu. Sasa njoo nayo bondeni kwenye udongo mweusi wa mto, mwezi wa tatu, kaskazi imekausha ardhi mpaka nyufa unatia mkono unazama, masika yako mlangoni na kila mtu anataka alimiwe wiki hio hio. Trekta ikawa inalia toka asubuhi, moshi mweusi tii, dereva anakanyaga mafuta mpaka mwisho na mwendo hauongezeki, na mimi nimesimama pale nahesabu ekari, simwambii apumzike. Siku ya nne saa nane mchana maji yakachemka, rediata inatoa mvuke kama sufuria ya muhogo. Dereva akazima, tukangoja ipoe, akachomoa kijiti cha oili akanionyesha bila kusema kitu, oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloki, imekwenda, maji yameingia kwenye oili.

Fundi aliyekuja ni mzee wa makamo ya babangu, nikamuuliza, ami, injini ishakufa hii? Akasema, mwanangu injini haina ubaya, hio diski ya tatu ndio iliyoiua. Akanielewesha jambo ambalo nilikuwa silijui kabisa: mzigo ukizidi injini inapunguza mizunguko, pampu nayo inazidi kumwaga dizeli ili ijikaze, dizeli haiungui yote ndio ule moshi mweusi, na joto linapanda. Na feni na pampu ya maji zinazungushwa na injini hio hio kwa belti moja, kwa hivo saa inayohitaji upepo na maji zaidi ndio saa inayopata kidogo! Halafu akafungua bakuli la oili la kichujio cha hewa, ndani badala ya oili kuna tope zito la vumbi, ukilikata kwa bisibisi linasimama. Siku nne za vumbi la kaskazi na hakuna aliyelifungua. Hilo sasa tunalisafisha kila jioni wakati wa kulima, na geji ya joto niliyoikuta imekufa nimeweka mpya.

Diski ya nyuma tulifungua bolti tukaitoa. Kwa diski mbili kwenye udongo ule ekari moja ni kama masaa mawili, zamani nilikuwa naitaka kwa saa moja na robo, wateja wengine walinung'unika na wawili walinihama, sawa. Moshi umekuwa mwembamba, na tangu siku hio haijachemka hata mara moja. Kwenye mchanga diski tatu inaweza, lakini kwa bonde tafuteni trekta kubwa zaidi, Massey 165 au Ford 5000, hizo ndio zina kifua cha kazi hio.

Kuna wanaojaza maji kwenye tairi na kuning'iniza vyuma vingi ili isiteleze. Kidogo ni sawa, lakini tairi ikikatazwa kabisa kuteleza mzigo wote unaingia kwenye gia na ekseli, na spea za huko ndani si bei ya gasketi.

Na jambo hili jamani nawaomba. Mvua ilipoanza lori lilikwama kwenye tope, kijana wangu akafunga mnyororo kule juu kwenye mkono wa tatu wa plau badala ya chini kwenye baa ya kuvutia, akaachia klachi na magurudumu ya mbele yakanyanyuka mpaka kimo cha kiuno. Alikanyaga klachi ikarudi chini. Ingepinduka ingemlalia, trekta yangu haina kibanda. Fungeni chini siku zote, na kama haivuti iacheni mwite kubwa.

Kuinunua naishauri, spea zinapatikana na kila fundi anaijua. Mwezi wa tatu naingia tena bondeni, wa kwanza kwenye daftari langu ni mama mmoja wa ekari tatu, nishamwambia kwake ni siku nzima na amekubali.