Risasi za .303 za akiba ya jeshi: uzoefu wangu, na kwa nini sizipigi tena

Nimezipiga risasi hizi kwenye bunduki yangu ya Lee-Enfield, ya zamani ya jeshi la Uingereza, na kwa yeyote anayefikiria kuzinunua jibu langu ni hili: usizinunue kwa ajili ya kupiga. Muuzaji alizinadi kama akiba ya jeshi iliyotunzwa vizuri, na wengi wetu tukisikia neno jeshi tunatulia. Sina shaka zilitoka kiwandani zikiwa nzima. Lakini risasi ya miaka mingi imepita maghala mengi, imekaa kwenye joto na unyevu, na alama zilizogongwa kitakoni mwa ganda zitakuonyesha mwaka wa kutengenezwa tu, si yaliyoipata baadaye.

Tatizo lililojitokeza kwanza ni kuchelewa kuwaka. Unavuta kitriga, pini inagonga fataki (kikofia kidogo kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti), unasikia "tik", halafu kimya, halafu ndipo risasi inatoka. Mara nyingi kimya chenyewe ni kifupi mno, lakini kuna risasi zilizochelewa kiasi cha kumfanya mpigaji aanze kupeleka mkono kwenye bolti, chuma kinachofunga nyuma ya mtutu. Hapo ndipo watu wanapoumia. Bolti ikiwa imefunguliwa wakati baruti inawaka, ganda halina cha kulizuia. Linapasuka, na vipande vya shaba pamoja na gesi ya moto vinamrudia mpigaji usoni, na hata aliyelala jirani yake. Kanuni inayofundishwa viwanjani ni kuacha mtutu ukielekea shabaha na kusubiri walau sekunde 30. Kwa risasi hizi mimi nilisubiri dakika nzima, hata wenzangu waliponihimiza.

Kisha ikaja iliyonitisha kweli. Mlio ulikuwa hafifu na bunduki haikunisukuma begani hata kidogo. Nilisimamisha kila kitu, nikatoa bolti, nikapitisha ufito wa kusafishia kutoka mdomoni mwa mtutu, ukagota. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama ndani, na kwenye chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, zilimwagika nyuzi za kordaiti ambazo hazikuungua. (Risasi nyingi za .303 za zamani zina kordaiti badala ya baruti ya chembechembe. Ukiliangalia ganda kwa ndani utadhani ni tambi zilizofungwa pamoja.) Fataki ilikuwa na nguvu ya kusukuma kichwa tu, haikuwasha baruti. Katika kupiga kwa haraka, mtu anaweza asiutambue mlio ule, akapeleka nyingine nyuma yake, na mtutu ukavimba au kupasuka mikononi mwake. Mlio ukibadilika, acha kupiga. Usijaribu kuthibitisha kwa risasi inayofuata.

Nilizikagua zilizobaki moja moja kwenye mwanga mzuri. Miaka ya kitakoni ilikuwa tofauti tofauti ndani ya boksi lile lile, maana yake mtu alikusanya mabaki ya shehena mbalimbali akayafunga upya. Kwangu hilo peke yake latosha kuzikataa. Baadhi zilikuwa na ukijani pale kichwa kinapoingia kwenye ganda, na nyingine zilikuwa na nyufa nyembamba shingoni, za urefu, ambazo ukipitisha macho haraka huzioni. Shaba iliyobanwa na kunyooshwa kiwandani hubaki na mkazo ndani yake, na ikikutana na amonia hupasuka yenyewe bila kuguswa. Waingereza waliligundua jambo hili India, kwenye risasi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi wakati wa masika; mkojo wa wanyama ndio uliokuwa ukitoa amonia.

Kuhusu kutu nitasema kwa ufupi, maana hili linaepukika. Fataki nyingi za zamani zina klorati ya potasiamu, na zikilipuka huacha chumvi inayovuta unyevu hewani. Mafuta ya bunduki hayaiyeyushi. Mimina maji ya moto kwenye mtutu siku ile ile, kausha, ndipo upake mafuta.

Muuzaji nilimweleza yote haya na kumpelekea picha za nyufa. Alijibu kwamba risasi za zamani ndivyo zilivyo, na pesa hakurudisha. Silikubali jibu hilo hata kidogo. Anayejua kwamba risasi zake hazitabiriki anapaswa kuziuza kama vitu vya wakusanyaji na kuliandika hilo wazi kwenye boksi, kwa sababu anayeumia si lazima awe yule aliyenunua.

Zilizosalia nilizikabidhi polisi, baada ya kuwapigia simu kwanza na kuuliza wanataka zifikishwe vipi. Usizichome, usizifukie, wala usizifungue ili uokoe baruti. Fundi wa bunduki alikitoa kile kichwa kilichokwama na kupima mtutu. Mtutu uko salama, na sasa napiga risasi mpya za kiwandani zenye namba moja ya shehena kwa boksi zima.

Nyota moja kati ya tano, na hiyo ni kwa sababu zilifika kwa wakati.